Namna ya kukokotoa daraja la kidato cha nne na cha sita kabla Baraza halijalitangaza

Matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, kwa kawaida mwezi Januari, swali la kwanza analoulizwa mtahiniwa ni moja tu: umepata divisheni gani? Jibu lake hutamkwa kwa neno moja, na neno hilo hubebeshwa miaka minne ya masomo. Cha kushangaza ni kwamba wanafunzi wengi, pamoja na wazazi wao, hufika siku hiyo wakiwa hawajawahi kulikokotoa daraja hilo kwa mkono wao wenyewe, ilhali kanuni zake si siri na hesabu yenyewe haizidi kujumlisha tarakimu saba. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania ambaye bado ana muda wa kubadilisha matokeo yake, na kwa mzazi anayetaka kuielewa ripoti ya shule kuliko kuitazama nafasi ya darasani peke yake. Msimamo wake ni huu: daraja ni jumla tu, na jumla huficha mengi; kinachomfungulia au kumfungia mtu njia baada ya sekondari ni herufi ya somo mojamoja.

Mitihani inayohusika inaendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, lililoanzishwa kwa Sheria Namba 21 ya mwaka 1973. Mwanafunzi hukutana nalo mara tatu akiwa sekondari: katika upimaji wa kidato cha pili, katika mtihani wa kumaliza kidato cha nne unaofanyika mwezi Novemba, na katika mtihani wa kumaliza kidato cha sita unaofanyika mwezi Mei. Upimaji wa kidato cha pili huchukuliwa na wengi kama jambo dogo, lakini una meno: mwanafunzi anatakiwa apate angalau C katika somo moja au D katika masomo mawili ili aendelee na kidato cha tatu, na asipofikia hapo hurudia darasa. Tena, kama itakavyoelezwa mbele, alama zake hazibaki kidato cha pili.

Kutoka alama hadi herufi

Anza kwa kuandika alama zako za kila somo kwa asilimia, kisha zibadilishe ziwe herufi. Kwa kidato cha pili na cha nne mipaka ni ileile: alama 75 hadi 100 ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na 0 hadi 29 ni F. Kila herufi ina pointi zake, na hapa ndipo watu hujikanganya, kwa sababu pointi chache ndizo bora: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5.

Itazame mipaka hiyo kwa makini kabla ya kuendelea, kwa maana upana wa herufi haulingani. C ina upana wa alama ishirini, B ina alama kumi tu. Mwanafunzi aliyepata 46 na mwenzake aliyepata 64 wanahesabiwa sawa kabisa, wakati aliyepata 44 na aliyepata 45 wanatenganishwa na pointi nzima. Kwa hiyo swali la msingi si “nimepata ngapi?” bali “niko mbali kiasi gani na mpaka unaofuata juu yangu, na niko karibu kiasi gani na ule ulio chini yangu?” Ukiwa na orodha ya masomo yako, andika kando ya kila somo tarakimu mbili: alama zinazopungua ili upande herufi, na alama unazoweza kupoteza kabla hujashuka. Orodha hiyo ndogo ina manufaa kuliko ratiba nyingi za kujisomea zinazobandikwa ukutani.

Kutoka herufi hadi daraja

Daraja la kidato cha nne hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. Ukiwa na masomo tisa, mawili mabaya kuliko yote huachwa nje ya jumla. Jumla ya 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 ni la pili, 22 hadi 25 ni la tatu, 26 hadi 33 ni la nne, na 34 au 35 ni sifuri. Hesabu ya daraja la nne inaeleza pia kiwango cha chini cha kufaulu: mwenye C moja na F sita ana pointi 33, na mwenye D mbili na F tano naye ana 33, mwenye D moja pekee ana 34, naye yuko kwenye sifuri.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi mwenye matokeo yafuatayo katika mtihani wa utimilifu, yaani ule wa majaribio (mock) kabla ya mtihani wa Baraza: Kiswahili 68, Kiingereza 47, Uraia 52, Historia 44, Jiografia 58, Baiolojia 63, Kemia 41, Fizikia 33 na Hisabati 24. Kwa herufi ana B moja, C nne, D tatu na F moja. Masomo yake saba bora ni Kiswahili chenye pointi 2, kisha Kiingereza, Uraia, Jiografia na Baiolojia yenye pointi 3 kila moja, halafu D mbili zenye pointi 4 kila moja. Jumla ni 22, yaani daraja la tatu. D ya tatu na F ya Hisabati zimebaki nje.

Sasa ifanyie kazi orodha ya mipaka. Historia inapungukiwa alama moja tu kufika 45; ikipanda, jumla inakuwa 21 na mwanafunzi huyu yuko daraja la pili. Baiolojia inapungukiwa alama mbili kufika B, nayo pia inatosha peke yake kuleta 21. Zote mbili zikipanda, ana 20. Kwa upande wa pili, Kiingereza chake cha 47 kiko hatarini: akipoteza alama tatu anashuka D, na jumla inakuwa 23. Hisabati ni habari nyingine. Anaweza kuhangaika miezi mitatu akaipandisha kutoka 24 hadi 30, akatoka F akaingia D, na jumla yake isitikisike hata kidogo, kwa kuwa tayari ana D nyingine zinazotosha kujaza saba bora.

Walimu wengine wakiiona hesabu hii husema inamfundisha mtoto ujanja badala ya masomo. Hoja hiyo ina uzito wake, na ndiyo sababu hesabu isiishie hapa. Mwanafunzi anayelitazama daraja peke yake angeiacha Hisabati ife, na pengine Fizikia pia, kwa kuwa D yake ya 33 haichangii chochote kisichochangiwa na Kemia au Historia. Tutaona baadaye kidogo kwamba kufanya hivyo kungemgharimu zaidi ya daraja lenyewe.

Kwa nini wastani wa ripoti ya shule hautoshi

Ripoti nyingi za muhula huandika wastani na nafasi: wastani 49, wa 23 kati ya 110. Mzazi huisoma nafasi, hufurahi au hukasirika, kisha ripoti huwekwa kabatini. Tatizo ni kwamba Baraza halitumii wastani wala nafasi katika kupanga madaraja, na vitu hivi viwili vinaweza kusema kinyume kabisa cha daraja.

Fikiria wanafunzi watatu, kila mmoja akihesabiwa masomo saba. Wa kwanza ana 45 katika kila somo: wastani wake ni 45, ana C saba, pointi 21, daraja la pili. Wa pili ana 44 katika kila somo: wastani umepungua kwa alama moja tu, lakini ana D saba, pointi 28, daraja la nne. Wa tatu ana 64 katika masomo manne na 29 katika masomo matatu. Wastani wake ni 49, mkubwa kuliko wa wote, na darasani angetangulia mbele yao. Hata hivyo ana C nne na F tatu, pointi 27, daraja la nne. Mifano hii imepangwa ili ioneshe jambo kwa ukali, lakini hali zinazokaribiana nayo si ngeni katika shule yoyote.

Kwa hiyo mzazi anayepokea ripoti afanye mambo mawili kabla ya kusema neno lolote. Ajumlishe pointi za masomo saba bora, na atafute masomo yaliyo ndani ya alama tano za mpaka, juu au chini. Nafasi ya darasani ina maana pale tu unapojua darasa lenyewe likoje, kwani wa kwanza katika darasa dhaifu anaweza kuwa na daraja la tatu. NECTA yenyewe iliacha mwaka 2023 kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora, na kwa maoni yangu shule nazo zingefanya vyema kupunguza kelele za nafasi katika ripoti zao.

Alama zinakotoka: 30 na 70

Alama inayogeuzwa kuwa herufi haitokani na karatasi ya Novemba peke yake. Kwa mtahiniwa wa shule, tathmini endelevu huchangia alama 30 na mtihani wa mwisho huchangia 70. Tathmini hiyo hukusanywa kwa miaka: matokeo ya upimaji wa kidato cha pili yamo, na mitihani na kazi za shuleni katika vidato vinavyofuata zimo. Ndiyo maana nilisema alama za kidato cha pili hazibaki kidato cha pili.

Uzito wa 30 hiyo unaonekana vizuri ukiihesabu kwa kurudi nyuma. Mwanafunzi anayetaka C anahitaji jumla ya 45. Akiwa na 21 katika tathmini endelevu, anahitaji 24 katika zile 70 za mtihani, ambazo ni sawa na kupata kama 35 kwa mia kwenye karatasi. Mwenzake mwenye 12 katika tathmini endelevu anahitaji 33 katika 70, sawa na kama 48 kwa mia. Wote wanalenga C ileile, lakini mmoja anaingia chumba cha mtihani akiwa na kazi nyepesi na mwingine akiwa na mlima. Uliza basi shuleni alama zako za tathmini endelevu zikoje, somo kwa somo, mapema katika kidato cha tatu, wakati kazi na mitihani iliyobaki bado inaweza kuzirekebisha. Kuuliza Oktoba ya kidato cha nne ni kutafuta habari za kusikitika nazo.

Mtahiniwa wa kujitegemea, wakiwemo wale wanaorisiti, yaani wanaorudia mtihani, hana akiba hiyo. Hupimwa kwa mtihani wa mwisho peke yake, na kila alama yake hutoka katika karatasi. Hii ni sababu mojawapo inayofanya kurisiti kuwa kugumu kuliko watu wanavyodhani, hata kwa mtu mwenye akili nzuri anayejisomea kwa bidii.

Masomo ya sayansi yana jambo la kuongeza. Fizikia, kwa mfano, ina karatasi ya nadharia yenye alama 100 na karatasi ya vitendo yenye alama 50, kwa hiyo theluthi moja ya alama za mtihani iko maabara. Kupima, kurekodi kwenye jedwali, kuchora grafu yenye vipimo sahihi na kutafuta mwinamo wake ni kazi inayojirudia kwa mtindo unaotabirika kuliko maswali ya nadharia, na mwanafunzi aliye kwenye 26 au 27 hupata njia ya haraka ya kuvuka 30 kwa kupitia huko. Shule zisizo na maabara ya kutosha huwanyima wanafunzi wao alama hizi, na hakuna kiasi cha kukariri nadharia kinachoweza kuziba pengo hilo lote.

Kuhusu usahihishaji wenyewe, inafaa kujua kwamba karatasi yako haisomwi na mtu mmoja mwanzo hadi mwisho. Wasahihishaji hugawana maswali, kila mmoja akishughulikia swali lake, na kijitabu hupita kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Aliyesahihisha insha yako nzuri siye atakayesahihisha swali uliloliacha wazi, kwa hiyo hakuna huruma inayovuka kutoka swali moja hadi jingine. Andika namba ya swali waziwazi, onesha njia ya hesabu hata kama jibu hulioni, na usiache swali tupu, kwani nusu ya jibu inaweza kuwa alama mbili, na umeshaona alama mbili zinaweza kufanya nini.

Herufi zinazofungua milango

Turudi kwa mwanafunzi wetu mwenye pointi 22. Akitaka kuchaguliwa kujiunga na kidato cha tano katika shule ya serikali, daraja lake la tatu halitoshi kumjibu. Utaratibu wa uchaguzi umekuwa ukidai vitu vitatu kwa pamoja: ufaulu wa A, B au C katika angalau masomo matatu yasiyo ya dini, pointi zisizozidi 25 katika masomo saba, na, katika masomo matatu ya tahasusi anayoiomba, yaani kundi la masomo atakayosoma kidato cha tano na cha sita, jumla ya pointi isiyozidi 10 bila F hata moja. Mwongozo hutolewa kila mwaka, na ni wajibu wa kila mmoja kuusoma ule wa mwaka wake kabla ya kujaza fomu ya machaguo.

Sharti la tatu ndilo linalopuuzwa. Mwanafunzi wetu ana Fizikia D, Kemia D na Baiolojia C, yaani pointi 4, 4 na 3. Jumla ni 11, na PCB, tahasusi ya masomo hayo matatu, imemponyoka kwa pointi moja. Kwa CBG ana Kemia 4, Baiolojia 3 na Jiografia 3, jumla 10, naye anakidhi. Kwa HGL ana Historia 4, Jiografia 3 na Kiingereza 3, jumla 10, anakidhi pia. Kwa HGK, Kiswahili chake cha B kinamshusha hadi 9, nafasi salama kuliko zote. Kama moyo wake uko kwenye PCB, basi kazi yake kubwa si Historia inayopungukiwa alama moja na ambayo ingempa daraja la pili. Kazi yake ni Kemia inayopungukiwa alama nne, au Baiolojia inayopungukiwa mbili. Baiolojia ikiwa B, PCB inakuwa 10 na daraja la pili linakuja palepale. Hapo ndipo orodha ya mipaka inapogeuka kuwa mpango wa kazi: somo lililo karibu na mpaka na lililo ndani ya tahasusi huja kwanza.

Kukidhi sifa, hata hivyo, si kuchaguliwa. Nafasi za tahasusi na shule zinazotakiwa na wengi hugombewa, na mwenye pointi 10 atawekwa nyuma ya wenye 5 na 6. Sifa ya chini hukuingiza kwenye foleni tu.

Njia ya vyuo vya kati nayo husoma herufi. Kwa kozi nyingi za ngazi ya cheti, kigezo cha kuanzia ni ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini, kisha kila kozi huongeza masomo yake. Utabibu hudai masomo ya sayansi yawemo katika hayo manne: Kemia, Baiolojia na Fizikia. Sasa ikumbuke ile D ya Fizikia ya alama 33 ambayo haikuchangia chochote katika daraja. Mwanafunzi huyu akiitupa, ikashuka hadi 29, daraja lake litabaki lilelile la tatu na pointi zilezile 22, lakini njia ya utabibu itakuwa imefungwa. Hisabati yake ya 24 iko katika hali hiyohiyo: kuipandisha hadi 30 hakubadilishi daraja, ila fani za uhandisi, uhasibu na nyingine zinazohitaji hesabu huitazama D hiyo kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Ningemshauri asilitelekeze somo lolote chini ya 30 bila kwanza kujua ni fani zipi anazifunga, na uamuzi huo aufanye na mwalimu anayemfahamu, si peke yake usiku mmoja kabla ya mtihani.

Kidato cha sita: hesabu mbili zinazokwenda kinyume

Kwa kidato cha sita mipaka hupanda na herufi huongezeka. A ni 80 hadi 100, B ni 70 hadi 79, C ni 60 hadi 69, D ni 50 hadi 59, E ni 40 hadi 49, S ni 35 hadi 39, na F ni 0 hadi 34. Pointi huanza na 1 kwa A na kushuka hadi 5 kwa E, 6 kwa S na 7 kwa F. Yanayohesabiwa katika daraja ni masomo matatu ya tahasusi peke yake. Masomo ya nyongeza hupewa herufi lakini hayaingii katika jumla. Pointi 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu, 18 na 19 la nne, na 20 au 21 ni sifuri.

Mpaka ulio muhimu kuliko yote hapa ni 40. Kuanzia E kwenda juu somo huhesabiwa kuwa ufaulu kamili, wakati S ni ufaulu mdogo usiotosha kudahiliwa chuo kikuu kwa somo hilo.

Kinachowachanganya wahitimu ni kwamba Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ina hesabu yake, nayo huenda upande wa pili: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na hapa nyingi ndizo bora. Kwa waliomaliza kuanzia mwaka 2016, sifa ya chini ya kuingia shahada ya kwanza ni ufaulu kamili katika masomo mawili yanayohitajika na kozi husika, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.

Weka kando kwa kando wahitimu wawili. Mmoja ana C, E na S. Kwa NECTA ana 3, 5 na 6, jumla 14, daraja la tatu. Mwingine ana D, E na E. Ana 4, 5 na 5, jumla 14, daraja la tatu vilevile. Huyu wa pili amefaulu masomo yote matatu kikamilifu, na ukimuuliza mtu wa kawaida atasema yeye ndiye aliyefanya vizuri zaidi. Lakini kwa hesabu ya TCU wa kwanza ana 3 na 1, jumla 4, naye amefikia sifa ya chini iwapo masomo yake hayo mawili ndiyo yanayotakiwa na kozi. Wa pili ana 2 na 1, jumla 3, naye atalazimika kutafuta njia nyingine, kama vile stashahada. Funzo la kiutendaji kwa aliye kidato cha sita sasa ni kukokotoa hesabu zote mbili baada ya kila mtihani, na kuifungua orodha ya kozi anazozitaka ili aone ni masomo gani mawili yanayotazamwa. Kozi nyingi hudai zaidi ya ile sifa ya chini, na zile za afya hudai masomo matatu.

Kuusoma ukurasa wa matokeo

Matokeo yakitoka, tafuta namba ya mtahiniwa, si jina. Namba ya kituo cha shule huanza na herufi S, na ya kituo cha watahiniwa wa kujitegemea huanza na P. Mbele ya namba utaona jinsia, kisha safu ya AGGT, ambayo ndiyo jumla ya pointi tuliyokuwa tukiikokotoa, halafu daraja, na mwisho herufi za kila somo. Herufi X mbele ya somo ina maana kwamba mtahiniwa hakulifanya, na ABS mahali pa daraja ina maana kwamba hakufanya mtihani kabisa. Ikiwa ulifanya mtihani na umeandikiwa hivyo, nenda kwa mkuu wa shule siku hiyohiyo.

Jumlisha mwenyewe pointi za masomo saba, au matatu kwa kidato cha sita, na uzilinganishe na AGGT. Mtahiniwa asiyeridhika na alama za somo anaweza kukata rufaa kwa Baraza ndani ya muda uliowekwa baada ya matokeo kutangazwa na kwa kulipa ada, lakini ningeshauri rufaa itumike pale ambapo herufi iko mbali sana na kila ulichowahi kupata katika somo hilo shuleni. Kukosa daraja kwa pointi moja, peke yake, si dalili kwamba kuna kosa.

Mwisho, kwa wazazi wanaolinganisha vyeti vya ndugu wa miaka tofauti: si vyeti vyote vilitumia mipaka hii. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalifutwa baada ya zaidi ya nusu ya watahiniwa kupata sifuri, yakapangwa upya na kutangazwa tena mwezi Mei 2013. Ya mwaka 2014 yalitolewa kwa mfumo wa wastani wa pointi, GPA, wenye herufi B+ na majina kama Distinksheni na Meriti badala ya madaraja, kabla ya mfumo wa madaraja kurejeshwa. Kwa waliomaliza kidato cha sita mwaka 2014 na 2015, TCU ina jedwali lake la pekee la kubadilisha herufi ziwe pointi, na mwenye cheti cha miaka hiyo anayeomba chuo leo atumie jedwali hilo, asitumie lile lililoelezwa hapa.